Mwenye Mstari Mfupi

"Puliza tena, Baba mkubwa," Tusekile alisema. "Polepole, mpaka pumzi iishe yenyewe."

Mzee Mwaisaka aliutoa mrija mdomoni akautazama kama filimbi iliyokataa kulia. "Mara ya kwanza haikutosha?"

"Ilitosha. Lakini kila mtu nampima mara mbili."

"Hata askofu?"

"Askofu alipuliza mara tatu. Alikuwa anacheka."

Mama Gwamaka, jirani yao, aliyekwisha kupimwa na sasa ameketi kwenye kiti chake huku amejifunika kitenge kwa baridi, alitikisa kichwa. "Puliza, mzee. Kwa kusema hukosi pumzi, leo ndiyo unaibania?"

Mzee akapuliza. Tusekile akaandika: sabini na nne, mara zote mbili. Akamchoma kidole akachukua tone la damu, akampa mpira wa kuminya, akahesabu. Kazi yote hiyo ilichukua dakika kumi na mbili kwa kila mtu, na wapo waliomlalamikia kwa Dakta kwamba ni mzito wa kazi. Hakujibu malalamiko hayo. Kazi ya kuongoza Duara alijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha maelekezo alichokisoma mpaka kurasa zikalegea, na jambo moja alilolielewa mapema ni kwamba mashine haina macho. Inaona kile ilichoandikiwa.

Chumba cha Duara kilikuwa nyuma ya kituo cha afya, juu kidogo ya mji wa Tukuyu, katika jengo lililokuwa ghala la majani ya chai. Siku za mvua, na siku nyingi zilikuwa za mvua, kuta zilirudisha harufu ya chai. Viti vinne na kitanda kimoja vilipangwa mviringo, na mbele ya kila kimoja palikuwa na skrini, kishikio chenye kitufe, hedifoni, na mkanda wa mkononi wenye waya uliokwenda kwenye mashine iliyokaa katikati. Kitandani alikuwa Lugano, mtoto wa dada yake, mwenye miaka tisa. Damu yake ilikuwa imeacha kujitengeneza tangu mwezi wa tatu. Alikuwa amekonda hata mkanda wa mkononi ulifungwa kwenye tundu alilolitoboa Tusekile mwenyewe kwa msumari.

"Mama mdogo," Lugano aliita, "Babu amechagua mhusika?"

"Amechagua mbweha."

"Mbweha hana panga."

"Ndiyo maana nimemchagua," Mzee Mwaisaka alisema. "Mimi sipendi ugomvi."

"Tutamuuliza mkeo," Mama Gwamaka alisema, na Ambakisye, mdogo wa marehemu baba yake Lugano, mtu asiyesema sana, akacheka kwa pua.

Atupele aliingia mwisho, akitokea kwenye mvua. Alikuwa amevaa sweta mbili na amejipaka mafuta usoni mpaka uso unang'aa. Alimbusu mwanawe kwenye paji, akawasalimu wakubwa kwa kupiga goti, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha nne akaanza kujifunga mkanda.

"Dada, bado mrija," Tusekile alisema.

"Mrija wa nini?"

"Wa kupimia."

Atupele alimgeukia mdogo wake. "Tuse, mimi nilikubeba mgongoni kutoka Masoko mpaka hapa, siku ile ulipoteguka mguu. Leo unataka kuhakikisha kama nina pumzi?"

"Ni utaratibu tu, Dada."

"Si una kipimo changu cha mwaka jana?"

"Ninacho."

"Basi. Mtoto anachoka kusubiri."

Mzee Mwaisaka akaingilia kwa sauti ya upole. "Mwache dada yako, mwanangu. Mkubwa hapimwi na mdogo wake mbele za watu."

Ndivyo ilivyokuwa kwao. Mdogo hamuulizi mkubwa habari za mwili wake, na akiuliza huonekana ametaka kumvua nguo hadharani. Katika miaka mitano ya kazi hiyo Tusekile aliwahi kumpima mkuu wa wilaya, mwalimu wake wa darasa la kwanza na mwanamume aliyewahi kumkataa. Hakuwahi kumpima dada yake aliyemlea. Mwaka jana alipimwa na mwongozaji mwingine, wakati Tusekile yuko likizo. Akaichukua kadi ya mwaka jana, akanakili: themanini na nane.

*

Mtu asiyejua angedhani ameingia kwenye banda la gemu. Na kweli, kilichokuwa kwenye skrini kilikuwa gemu, Kazemori, iliyotoka Japani miaka mingi nyuma: hadithi ya wasafiri watano wanaovuka msitu wenye upepo unaokula kumbukumbu. Tusekile na Atupele waliicheza utotoni. Ndani yake mna mapanga, mazimwi na mioto, lakini watu waliipenda kwa ajili ya uwezo mmoja, ambao watoto wa Tukuyu waliupa jina la Pumzi ya Wengi.

Uwezo huo hautumiki na mtu mmoja. Wasafiri wote husimama wakashikana mikono, na kila mchezaji hubonyeza kitufe chake ngoma inapolia, wote kwa pamoja. Mstari wa uhai wa kila mmoja hupungua kidogo. Kilichopungua hukusanyika kuwa uzi wa dhahabu, na uzi huo huenda kwa yule mwenye mstari mfupi kuliko wote. Hakuna anayechagua. Uzi wenyewe humtafuta aliye chini.

Wahandisi waliotaka kumwezesha mtu mzima kumgawia mgonjwa nguvu za mwili wake walihangaika miaka sita. Vyombo walikuwa navyo. Kilichowashinda ni mioyo. Haikukubali kwenda pamoja. Kisha mmoja wao, kwa mchezo tu, aliwafunga mikanda ya kupimia watoto wake waliokuwa wakicheza Kazemori sebuleni, akaona kwamba kila wanapofika kwenye Pumzi ya Wengi mioyo yao mitatu inapiga kama mmoja. Wakaacha kutunga mdundo wao. Wakaichukua gemu kama ilivyo, pamoja na sheria ya uzi, maana sheria ile iliwalinda watoaji: mtoaji akizidiwa, duara zima humgeukia yeye. Tangu mashine zianze kazi, hakuna mtoaji aliyewahi kufia kwenye kiti.

Upungufu wake ulikuwa mmoja, na ulikuwa umeandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa sitini na moja. Mikanda huchukua muda kuujua mwili. Kwa midundo mia tatu ya mwanzo, mashine huamini karatasi.

"Tayari?" Tusekile aliuliza kutoka kwenye meza yake.

"Babu, usibonyeze kwa hasira," Lugano alisema. "Ngoma ikilia ndiyo unabonyeza. Ukikosa mara tatu mfululizo mhusika wako anatoka, na hawezi kurudi."

"Nimekuelewa, mwalimu."

Wakavaa hedifoni. Taa zikafifia kidogo, na kwenye skrini wasafiri watano wakasimama kwenye uwazi wa msitu wakashikana mikono: mbweha wa Mzee Mwaisaka, mpiga upinde wa Mama Gwamaka, Ambakisye na shoka lake, Atupele na mwanamke mwenye taa, na katikati yao msichana mwenye filimbi, ambaye alikuwa Lugano. Ngoma ikaanza. Tusekile hakuwa na hedifoni; yeye alisikia vidole tu, vidole vitano vikigusa plastiki, mwanzoni kama mvua inayoanza juu ya bati, kisha pamoja.

Kwenye skrini ya meza yake mistari mitano ya uhai iliandamana. Wa Lugano ulianzia kumi na nne. Ulitakiwa ufike arobaini. Mwili ukivuka arobaini huanza kujitegemea wenyewe. Chini ya hapo huteleza tena, na mgonjwa aliyekwisha kupokea hawezi kurudi kabla ya siku arobaini, wala mtoaji kutoa tena. Lugano hakuwa na siku arobaini. Dakta alikwisha kuwaambia hivyo Atupele na Tusekile, wawili tu, mlango umefungwa.

Mdundo wa mia, mtoto alikuwa kumi na tisa. Wa mia mbili, ishirini na tano. Rangi kidogo ilikuwa imerudi kwenye masikio yake. Mzee Mwaisaka alikuwa ametoa ulimi nje kwa umakini, kama mtoto anayejifunza kuandika, na Tusekile alimpenda sana kwa jambo hilo. Alijiruhusu kuwaza uji wa jioni.

Mdundo wa mia tatu, mstari wa Atupele uliokuwa sabini na sita ukaanguka mpaka tisa.

Haukushuka. Ulikuwa juu, kisha ukawa chini, kana kwamba mtu ameuondoa ukutani na kuutundika mahali pengine. Tusekile alidhani ni waya. Akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye mkono wa dada yake, na hapo akaona vidole. Kucha zilikuwa na rangi ya majivu.

Uzi wa dhahabu ukayumba hewani juu ya msitu. Ukamwacha msichana mwenye filimbi, ukageuka, ukaenda kwa mwanamke mwenye taa.

"Mama yuko chini," Lugano alisema kwa sauti kubwa, sauti ya mtu mwenye hedifoni asiyejisikia. "Bonyezeni, tumsaidie Mama."

Na yeye akabonyeza kwa nguvu zaidi. Mstari wake, ishirini na tisa, ukaanza kupungua.

*

Tusekile alivuka chumba bila kukimbia, maana ukikimbia watu hupoteza mdundo. Akapiga magoti kando ya kiti cha dada yake, akamsogezea hedifoni sikio moja.

"Dada. Una nini?"

"Sina ugonjwa." Atupele aliendelea kubonyeza. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nimechoka tu."

"Umekaa maduara mangapi?"

Kidole cha Atupele kilibonyeza ngoma mbili, tatu.

"Saba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Kyela mara mbili. Busokelo. Mbalizi. Na mengine. Kule nilitumia jina la mama mkwe." Alivuta pumzi. "Ulitaka nifanyeje, Tuse? Aliyekaa ndiye anayekaliwa. Mume wangu angekuwepo angekwenda yeye, au tungepokezana. Ningempata wapi Mama Gwamaka kama sikumkalia Gwamaka?"

Ndivyo watu walivyokuwa wameizoea mashine ile. Hapakuwa na sheria yoyote iliyosema hivyo. Ilikua yenyewe, kama njia inavyokua shambani. Nyumba iliyowahi kutoa mtu wa kukaa, siku yake ikifika hupata watu. Nyumba isiyotoa huambiwa poleni. Nyumba ya Atupele ilikuwa na mtu mzima mmoja.

Tusekile alirudi mezani akachukua penseli. Aliandika tarakimu kubwa. Watoaji watatu waliobaki, mashine haikuwaruhusu kushuka chini ya sitini. Walichobakiza kilikuwa kama kumi na tano, wote kwa pamoja. Akiliacha duara liendelee, mstari wa Atupele ungepanda na wa Lugano ungeshuka mpaka wakutane kwenye ishirini na sita. Ishirini na sita kwa Atupele ilikuwa uzima. Mwili wake haukuwa na ugonjwa, angelala wiki mbili na kuamka. Ishirini na sita kwa Lugano ilikuwa kifo, mwezi ujao au kabla. Akimtoa Atupele, ile kumi na tano yote ingemwendea mtoto, naye angevuka. Atupele angebaki na tisa. Kitabu kilikuwa na sentensi moja kuhusu jambo hilo: anayepokea asitolewe.

Akafikiria kuingia mwenyewe. Duara lililokwisha kuanza halipokei mtu. Akafikiria kulisimamisha, lakini kulisimamisha kulikuwa kumuua Lugano na kumwacha Atupele na tisa ile ile. Akampigia Dakta, aliyekuwa Mbeya kwa siku mbili. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipotazama tena, mstari wa mtoto ulikuwa ishirini na nane.

Atupele alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, ule usiobonyeza, akimwita kwa kidole kama anavyoitwa mtoto.

"Nitoe," alisema Tusekile alipoinama.

"Siwezi."

"Sikuombi ruhusa. Nakutuma."

"Dada, ukitoka na tisa—"

"Najua kuhesabu. Tulicheza wote hii." Jasho lilikuwa limeyakusanya mafuta ya usoni kuwa matone. "Anabonyeza, Tuse. Unamwona? Ananipa. Nilichomchotea Kyela na Mbalizi miezi yote, ananirudishia mwenyewe kwa kidole chake. Nitoe kabla hajamaliza."

Tusekile alimtazama Lugano. Mtoto alikuwa ameegemea mto, macho kwenye skrini, akiuma mdomo wa chini, akimtazama mwanamke mwenye taa aking'aa kidogo kidogo. Alikuwa anatabasamu. Kwake yeye mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kama mtu angemuuliza, yeye mwenyewe angejibu nini? Na mtu anamuulizaje mtoto wa miaka tisa swali kama hilo, na akijibu, jibu lake ni la nani? Mama alikuwa na haki ya kujitoa. Mtoto alikuwa na haki ya kumshika mama yake. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilikuwa inamsaidia aliye chini kuliko wote, kama ilivyofundishwa. Aliyekosea alikuwa mtu mmoja, na alikosea kwa dakika kumi na mbili.

"Ishirini na saba," Atupele alisema, akiisoma skrini. "Mdogo wangu."

Tusekile akamrudishia dada yake hedifoni sikioni, akaiweka vizuri na kuzitoa nywele zilizobanwa. Akaenda mezani. Kitufe cha kutoa kilikuwa na kifuniko cha plastiki ambacho hakuwahi kukifungua tangu mashine iletwe, na ilimbidi atumie ukucha.

Kwenye skrini, mwanamke mwenye taa aliachia mikono ya wenzake, akarudi nyuma hatua tatu, akaingia katikati ya miti, jinsi anavyotoka mhusika yeyote ambaye mchezaji wake amekosa ngoma. Uzi ukayumba. Ukamwona msichana mwenye filimbi, ukarudi.

"Mama katoka," Lugano alisema. "Mama, umekosa? Nani kakosa?"

"Endelea, mwanangu," Mzee Mwaisaka alisema, naye hajui lolote. "Usikose na wewe. Endelea."

Mtoto akaendelea. Midundo mia mbili na sabini. Wa mwisho ulimkuta kwenye arobaini na moja.

*

Walimlaza Atupele chumba cha pili, chini ya blanketi tatu, na dripu mkononi. Tusekile aliupigia simu mji mzima. Alihitaji watu wanne wa kumkalia dada yake, waliopumzika siku arobaini, na mashine ilihitaji saa mbili kupoa. Kila aliyempigia alikuwa na siku kumi, siku ishirini, siku thelathini na tatu. Mwishowe msimamizi wa shamba la chai alisema ana wachumaji wageni kutoka Makete ambao hawajawahi kukaa popote, na kwamba atawaleta kwa lori.

Mama Gwamaka alikuwa amekaa sakafuni, amekishika kiganja cha Atupele. "Ungeniambia," alirudia. "Kwa nini hukuniambia? Ningekaa hata bila wewe kunikalia. Mimi si mtu wa namna hiyo." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Labda ni mtu wa namna hiyo. Sijui."

"Usiseme hivyo," Atupele alisema. "Gwamaka anaendelea vizuri?"

"Anakula kama mchwa."

"Basi."

Walipobaki wawili, Tusekile alipanda kitandani akamkumbatia kwa nyuma ili kumpa joto, kama walivyolala utotoni, isipokuwa sasa mdogo ndiye alikuwa nyuma.

"Sikukupima," alisema.

"Ungenipima ungenikatalia kuingia. Nisingeingia tungepungua mtu, tusingefika arobaini."

Huenda ilikuwa kweli. Tusekile alikuja kuipiga hesabu hiyo mara nyingi baadaye, kwa penseli na kwa kichwa, na kila mara ilitoa jibu tofauti kidogo.

"Lugano asijue," Atupele alisema. "Mwambie mashine iliharibika. Hana mtu mwingine sasa ila wewe. Usimpe sababu ya kukuchukia."

"Dada, usiongee. Watu wanakuja."

"Unasikia nilichokuambia?"

"Nimesikia."

Lori lilifika saa kumi na nusu, likiwa limekwama mara moja kwenye tope. Wachumaji tisa waliteremka na vikapu vyao bado mgongoni, maana waliitwa kutoka shambani hawakupewa nafasi ya kuvitua. Walipanga mstari chini ya ukingo wa paa, tayari kupuliza mrija. Tusekile alitoka nje kuwaambia kwamba walichoitiwa kimepita. Alisimama mbele yao akatikisa kichwa, na mwanamke mmoja wa mbele akaelewa, akatua kikapu chake chini, na wengine wote wakatua.

*

Baada ya maziko wazee walikaa na kusema lile ambalo kila mtu alilijua: mtoto ni wa mama yake mdogo. Ambakisye alilibeba sanduku la nguo za Lugano hadi nyumbani kwa Tusekile, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kuingia.

Lugano alipona kwa kasi iliyowashangaza watu. Wiki ya tatu alikuwa anatembea mpaka bombani. Alikula alichopewa. Hakulia mbele ya mtu, na hakuuliza kitu, mpaka asubuhi moja ya Jumapili, Tusekile alipomletea uji wa ulezi kitandani na kuketi kando yake, akaushika mkono wake mdogo ambao sasa ulikuwa na joto.

"Mama mdogo, nilikosa ngoma ya ngapi?"

"Ngoma gani?"

"Siku ile. Nilihesabu. Nadhani nilikosa moja niliposema tumsaidie Mama, kwa sababu nilikuwa naongea. Lakini moja haimtoi mtu. Lazima nilikosa nyingine mbili." Alisema kwa utulivu, kama anayesoma somo alilolikariri. "Nikikosa mimi, yeye anachanganyikiwa. Ndiyo maana akatoka. Nilikuwa nabonyeza kwa nguvu sana. Ukibonyeza kwa nguvu unachelewa, hata Babu nilimwambia."

Wiki tatu mtoto alikuwa amelala na jambo hilo.

"Hukukosa hata moja," Tusekile alisema. "Mashine iliharibika."

Lugano alitikisa kichwa. "Ingeharibika nisingepona."

Hakuwa anabisha. Alikuwa ameshalifikiria hilo akaliweka pembeni, kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine, na Tusekile aliutambua utaratibu huo kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe. Akaona pia kilichobaki. Palikuwa na uongo mwingine, mzuri zaidi, ambao angeweza kuutunga: kwamba Mama mwenyewe alikosa ngoma, kwa uchovu. Mtoto angeubeba huo nao, akiuliza kila mwaka kwa nini hakumsaidia vya kutosha. Palikuwa na ukweli nusu: kwamba Mama aliomba. Lakini mtoto atakayeambiwa mama yake aliomba kwenda ili yeye abaki, atamlipa nani, na kwa muda gani? Siku moja angemwambia. Angekuwa mkubwa, pengine naye ana mtoto. Leo palikuwa na kitu kimoja tu ambacho mtoto wa miaka tisa angeweza kukibeba bila kujigeuzia yeye mwenyewe.

"Nisikilize," alisema. "Kuna kitufe kwenye meza yangu. Kina kifuniko. Kinamtoa mtu kwenye duara hata kama hajakosa. Mama hakukosa, na wewe hukukosa. Mimi nilimtoa."

Lugano alimtazama.

"Alikuwa chini," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa chini kuliko wote. Uzi ulikuwa kwake."

"Ndiyo. Ulikuwa kwake na nikamtoa, ili uje kwako. Na kabla ya hapo nilikuwa sijampima. Ningempima ningejua. Hayo yote mawili niliyafanya mimi."

Nje, jirani alikuwa anapasua kuni. Yalisikika mapigo matano, sita ya shoka.

"Mimi nilikuwa nampa," Lugano alisema.

"Nilikuona. Ulimpa vizuri."

Hapo uso wa mtoto ulikunjamana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akautoa mkono wake kutoka kwenye mkono wa Tusekile, taratibu, kidole kimoja kimoja, akageukia ukutani na kulia, kilio kikubwa cha mtoto aliyefiwa. Tusekile alinyoosha mkono kumgusa bega. Bega likamkwepa.

Hakumfuata. Alikaa pale pale ukingoni mwa kitanda mpaka uji ukafanya utando juu, kisha akauchukua, akaenda jikoni kuupasha tena.